Nyumba Hununuliwa Pamoja na Masharti Yake

Familia inapokwenda kutazama nyumba inayouzwa, kila mmoja huwa na lake la kukagua. Baba huinua macho kwenye kenchi na bati. Mama hufungua mabomba, huchungulia jiko na kukisia kama kabati lake litaingia chumbani. Watoto hugombania vyumba kabla hata bei haijajulikana. Huulizwa msikiti uko umbali gani, shule iko wapi, na masika yakishika maji huelekea upande upi. Yote hayo ni maswali ya busara. Hata hivyo, liko jambo moja lisiloonekana ukutani wala darini, nalo lina uwezo wa kuifanya nyumba nzuri isifae kabisa kwa kazi iliyonunuliwa. Jambo hilo ni masharti ya umiliki wa kiwanja ambacho nyumba hiyo imesimama juu yake.

Tumeonelea wiki hii tuliweke jambo hili mbele ya wasomaji wetu kwa kuwa ununuzi wa nyumba, kwa familia zetu zilizo nyingi, ni tendo la mara moja katika maisha. Fedha inayolipwa ni kiinua mgongo cha mzee, ni michango ya ndugu, ni mauzo ya shamba la urithi. Fedha ya namna hiyo ikizama mahali, ni nadra kupatikana nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, iwapo mwenyewe hakulisoma daftari hilo.

Sharti juu ya ardhi si jambo geni

Wako watakaosema kwamba mtu akishanunua kitu chake ana hiari ya kukitumia apendavyo, maadamu hatendi haramu. Kwa mali nyingi kauli hiyo haina ubaya. Kwa ardhi, mambo hayakuwa hivyo hata zamani. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri lake, naye akamwelekeza aizuie ardhi yenyewe na mazao yake ayafanye sadaka. Tangu hapo ardhi ile ikawa haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Tuzingatie jinsi masharti yale yalivyokaa: hayakufungamana na Umar, yalifungamana na ardhi. Umar alifariki dunia, masharti yakabaki, na kila aliyeisimamia ardhi ile baada yake aliyakuta na ikamlazimu kuyafuata.

Hapo ndipo ulipo msingi wa yote tutakayoyaeleza. Ahadi ya kawaida humfunga aliyeitoa. Sharti la ardhi humfunga yeyote atakayeishika ardhi hiyo, hata kama hakuwapo siku lilipowekwa, na hata kama hakuambiwa.

Katika Tanzania Bara hali inafanana na hiyo, ingawa chanzo chake ni kingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachopewa raia ni haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99 na kwa masharti yaliyotajwa. Hati ni ushahidi wa haki hiyo. Kwa hiyo muuzaji hawezi kumpa mnunuzi zaidi ya kile alichopewa yeye mwenyewe. Aliyepewa kiwanja cha makazi huuza kiwanja cha makazi, hata akikisifu vipi kwamba kinafaa kwa biashara. Aliyebakiwa na miaka 5 huuza miaka 5.

Yaliyomo ndani ya hati

Mwenye kuifungua hati ya kiwanja cha makazi na kuisoma kwa utulivu hukutana kwa kawaida na mambo sita.

La kwanza ni muda. Hati zimekuwa zikitolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inafikia ukomo wake mwaka 2028. Muda huweza kuombewa nyongeza, lakini kuomba si kupewa, na mwombaji aliyevunja masharti huenda kuomba akiwa na doa. Mnunuzi ahesabu miaka iliyobaki kabla ya kukubali bei.

La pili ni matumizi. Hapa huandikwa kama ardhi ni ya makazi tu, ya makazi na biashara, ya ibada, ya elimu au ya viwanda. Aghalabu huongezwa herufi za kundi la matumizi, na wasomaji wengi huzipita kwa kudhani ni namba za kiofisi. Herufi hizo zinarejea kanuni za mipango miji, na afisa wa ardhi akiulizwa atazifafanua. Kuuliza si ujinga.

La tatu ni ujenzi. Hati hudai majengo ya kudumu, yaliyojengwa kwa ramani iliyoidhinishwa na halmashauri, na kukamilika katika muda uliowekwa, ambao mara nyingi ni miezi 36. Anayenunua pagale lililokaa miaka 10 bila paa aelewe kwamba pamoja na kuta zile ananunua pia ucheleweshaji wa mwenye kuliacha.

La nne ni mawe ya mipaka. Mmiliki ndiye mwenye wajibu wa kuyalinda kwa muda wote wa umiliki wake, na yakipotea hurudishwa kwa gharama yake. Hivyo jiwe lililong'olewa zamani na mjenzi wa ukuta wa jirani huwa mzigo wa mnunuzi mpya.

La tano ni uhamisho. Hati nyingi huzuia kuhamisha milki ndani ya miaka 3 ya mwanzo bila idhini ya Kamishna wa Ardhi, na wakati wowote uhamisho hutakiwa kutolewa taarifa na kulipiwa ada na kodi zake. Karatasi mliyoandikiana sebuleni mbele ya mashahidi wawili haitoshi kumfanya mtu kuwa mmiliki katika daftari la serikali.

La sita ni kodi ya pango la ardhi, inayolipwa kila mwaka. Malimbikizo yake hayafutwi kwa kubadilika mwenye nyumba, na hukwamisha uhamisho mpaka yalipwe.

Anayevunja masharti haya anaweza kupewa ilani, kutozwa faini au kuamriwa arekebishe. Mwisho wa yote, Rais ana uwezo wa kubatilisha milki. Tusidhani kwamba ubatilisho ni wa mashamba makubwa peke yake. Kiwanja cha mjini nacho ni ardhi.

Mfano wa madrasa

Tutoe mfano unaozigusa jumuiya zetu moja kwa moja. Tuchukulie kwamba waumini wa mtaa fulani wamechangishana kwa miaka mitatu, wakapata nyumba ya vyumba vinne yenye ua mpana. Nia yao ni madrasa. Bei imekubaliwa, dua imesomwa, fedha zimelipwa. Hati wamekabidhiwa nao wameiweka kwenye sanduku la kamati, bila mtu kuona kwamba katika ukurasa wa masharti imeandikwa makazi tu.

Miezi ya mwanzo hapana anayesema neno. Watoto 20 wanakuwa 80. Kunafungwa kipaza sauti, kunaongezwa choo, kunajengwa banda la bati kwa ajili ya darasa la wakubwa. Jirani mmoja, ambaye huenda ni Mwislamu mwenzao, anapeleka malalamiko halmashauri. Afisa anapofika haulizi nia ya waliochanga, anaomba hati. Banda halina kibali, matumizi si yaliyoandikwa, na agizo linatolewa kazi isimame. Kuanzia siku hiyo kamati inahangaika kuomba mabadiliko ya matumizi huku milango imefungwa na wazazi wanauliza sadaka zao zimekwenda wapi.

Katika hali kama hiyo ni rahisi kusema dini imeonewa. Kabla ya kusema hivyo inatupasa tujiulize: mwenye gereji au mwenye kiwanda cha tofali angefungua kazi yake katika nyumba ileile, angeambiwa nini? Angeambiwa neno lilelile. Na tukumbuke upande wa pili. Pale mtu anapotaka kufungua kilabu cha pombe ubavuni mwa nyumba zetu, hoja yetu ya kwanza halmashauri huwa ni kwamba viwanja vya mtaa huu ni vya makazi tu. Sharti lililotulinda jana ndilo linalotubana leo. Hatuwezi kulishika linapotufaa na kulitupa linapotuzuia, kisha tukabaki na heshima mbele ya majirani zetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kushikamana na masharti tuliyoafikiana, isipokuwa lile linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Sharti la makazi tu halimo katika hayo mawili, na mlango wa kuliomba libadilishwe uko wazi.

Njia ya sawa katika mfano huu haikuwa kuiacha madrasa. Ilikuwa kuanza na idhini. Maombi ya kubadili matumizi hupelekwa kwa mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri, kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Yakikubaliwa, hati hurekebishwa ili iendane na matumizi mapya. Kamati yenye hekima huandika katika mkataba wa mauziano kwamba sehemu kubwa ya bei italipwa baada ya idhini kupatikana, na idhini ikikosekana kiasi kilichotangulia kitarudishwa. Muuzaji akikataa, kitafutwe kiwanja kingine ambacho tangu awali kimetengwa kwa ibada au elimu.

Yaliyosemwa juu ya madrasa yanahusu pia nyumba ya mtu binafsi. Mama anayekusudia kujenga fremu za maduka upande wa barabara, kijana anayetaka kufungua karakana ya useremala uani, familia inayotegemea kufuga ng'ombe wawili wa maziwa, mzee anayetaka kubomoa nyumba ya chini na kuinua ghorofa la wapangaji: kila mmoja wao asiulize tu kama nyumba ni nzuri. Aulize kama nyumba ile inaruhusiwa kuwa kile anachokitaka.

Vizuizi visivyoandikwa katika hati

Hati ni mwanzo wa uchunguzi. Viko vizuizi vinavyotokana na sheria nyingine, na humpata hata mwenye hati safi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, na kutoka kingo za mito. Wanaotamani nyumba zenye upepo wa pwani, au viwanja vya bei nafuu kandokando ya mabonde, wapime umbali huo kwa futikamba kabla ya kupima bei.

Barabara nazo zina hifadhi zake. Kwa barabara kuu na za mikoa hifadhi ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sehemu nyingine zina hifadhi pana zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya, jijini Dar es Salaam, zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Alama nyekundu ya X ilipopigwa ukutani, haikubagua aliyejenga na aliyenunua. Vivyo hivyo ziko njia za nyaya kubwa za umeme, mabomba makuu ya maji, na maeneo ya wazi ambayo mchoro wa mipango miji umeyatenga kwa viwanja vya michezo, shule au makaburi.

Jambo hili ni zito zaidi katika mitaa ambayo haijapimwa, ambako muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa au leseni ya makazi peke yake. Kukosekana kwa hati hakumaanishi kukosekana kwa masharti. Huenda mchoro wa eneo hilo umeshachorwa na kuidhinishwa, na katika mchoro huo sebule ya nyumba inayouzwa ni barabara ya mtaa.

Wanaonunua sehemu katika jengo la ghorofa wana hesabu yao pia. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 imewapa wamiliki wa jengo moja chama chao chenye kanuni zinazomfunga kila mwenye sehemu. Kanuni hizo huweza kugusa maegesho, kelele, wanyama, kubandika vibao na matumizi ya uwanja wa pamoja. Familia ya Kiislamu iulize mapema: je, hitima au harusi ya binti itaruhusiwa turubai uwanjani? Je, mnyama wa Idi atachinjwa wapi? Ni afadhali kulijua jibu kabla ya kuhamia kuliko kugombana na majirani siku ya Idi.

Nyumba za wakfu na za Mji Mkongwe

Zanzibar ina sheria zake za ardhi, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano. Aliyezoea taratibu za Bara asidhani zinavuka bahari pamoja naye. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, mnunuzi hana ruhusa ya kung'oa mlango wa nakshi, kubomoa baraza au kuongeza ghorofa kwa hiari yake. Kuna mamlaka maalumu ya uhifadhi, na kazi ya ujenzi hutaka idhini yake. Mwenye kununua nyumba ya zamani kwa matumaini ya kuivunja na kujenga mpya ajue kwamba amenunua wajibu wa kuitunza.

Zaidi ya hapo kuna wakfu. Katika Mji Mkongwe, kama katika miji mingine ya kale ya mwambao, wazee wetu waliziweka nyumba nyingi wakfu, nyingine kwa misikiti na nyingine kwa vizazi vyao. Wakfu wa kizazi ndio wenye kuleta mkanganyiko mkubwa. Wajukuu wamezaliwa humo, wamelelewa humo, wanaitana wenye nyumba. Mmoja wao akipungukiwa hudhani ana urithi wa kuuza. Kumbe alichonacho ni haki ya kunufaika, na nyumba yenyewe haiuzwi. Anayeinunua huipoteza fedha yake, na juu ya hilo hujiingiza katika kuivunja sadaka ya mtu aliye kaburini. Kwa Zanzibar, swali hili lipelekwe kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwengineko waulizwe wazee wa mtaa na wasimamizi wa misikiti, kwani mara nyingi kumbukumbu ya wakfu imo vifuani mwao kabla ya kuwamo makabatini.

Hatua za kufuata

Baada ya maelezo hayo, tunaipendekeza familia inayonunua nyumba Tanzania Bara ifuate hatua zifuatazo kabla ya kutoa fedha, hata ile inayoitwa ya kushika.

Kwanza, iombwe nakala ya hati yote, kurasa zote, pamoja na ramani ya kiwanja iliyoambatishwa. Nakala ya ukurasa wa mbele wenye jina na namba haitoshi. Hati halisi nayo ionekane kwa macho, kwani asiyeweza kuionyesha huenda ameiweka rehani.

Pili, ufanywe upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Kwa kulipa ada, mtu yeyote anaweza kupata taarifa za hati husika: nani amesajiliwa, kuna rehani, kuna zuio la mahakama au la ndugu. Tangu mwaka 2020 zipo ofisi za ardhi katika mikoa, hivyo safari imekuwa fupi kuliko zamani.

Tatu, iendewe halmashauri kwa maswali matatu: mchoro wa mipango miji unasemaje juu ya kiwanja hiki, nyumba hii ina kibali cha ujenzi, na je, kuna mpango wowote wa barabara au mradi unaopita hapa.

Nne, akodiwe mpima ardhi aliyesajiliwa aoneshe mawe ya mipaka kwenye ardhi yenyewe. Ukuta wa uzio si mpaka mpaka mpima aseme hivyo.

Tano, wasikilizwe majirani na mwenyekiti wa mtaa. Waulizwe kama kuna ilani iliyowahi kuletwa, kama kuna mgogoro, kama nyumba iliwahi kufungwa biashara. Jirani hana kamisheni katika mauzo hayo, na ulimi wake ni mwepesi kuliko wa dalali.

Sita, ipatikane ridhaa ya mke au mume wa muuzaji kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hiki nacho ni kizuizi juu ya nyumba, ingawa hakiandikwi kwenye hati.

Saba, mkataba uandikwe na wakili wa mnunuzi, wala si wa dalali, na ndani yake muuzaji atamke kwamba hajavunja sharti lolote la hati, hajapokea ilani, na kwamba likidhihirika kinyume chake atarejesha fedha. Malipo yagawanywe, na fungu la mwisho litolewe uhamisho unapokamilika.

Gharama za hatua hizi zitaonekana nyingi kwa mtu aliyebana matumizi ili apate bei ya nyumba. Lakini hesabu ya haki si kulinganisha ada ya wakili na ya mpima ardhi na mfuko uliobaki. Ni kuzilinganisha na thamani ya nyumba nzima, inayoweza kuondoka yote.

Amana ya muuzaji

Hatutakuwa waadilifu tukimbebesha mnunuzi mzigo wote. Muuzaji Mwislamu anayejua kwamba nyumba yake ina ilani ya halmashauri, au kwamba nusu ya ua imo katika hifadhi ya barabara, hana ruhusa mbele ya Mola wake kunyamaza. Kuificha kasoro ni udanganyifu, na Mtume (s.a.w.) amewakemea vikali wanaowadanganya wenzao sokoni. Mafakihi wameihesabu kuwa kasoro kila inayopunguza thamani ya kitu au manufaa yake, na wakampa mnunuzi aliyefichwa khiyari ya kurudisha. Sharti lililofichwa linalomzuia mtu kuitumia nyumba kwa lengo lililowekwa wazi wakati wa mauziano halitoki nje ya maana hiyo. Dalali naye asijione kuwa mpita njia. Anayejua na akasifu, ameshiriki.

Hati isomwe nyumbani

Tunamalizia kwa nasaha moja kwa familia. Qur'ani Tukufu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, ndani ya Suratul-Baqarah, imeamuru maandishi na mashahidi katika miamala ya deni, na haikuona uchovu wa kuandika, dogo au kubwa, kuwa udhuru. Ikiwa kuandika kumepewa uzito huo, kusoma kilichoandikwa hakuwezi kuwa jambo la hiari. Hati isiwe siri ya baba peke yake. Isomwe sebuleni, mama akiwapo na watoto wakubwa wakisikia, na neno lisiloeleweka liulizwe kwa wajuzi. Mama ndiye mara nyingi atakayebaki na nyumba hiyo. Watoto ndio watakaoirithi, pamoja na kila sharti lililomo.

Twamwomba Allah awaruzuku wasomaji wetu makazi yenye utulivu, atupe sote subira ya kuchunguza kabla ya kulipa, na awajaalie wauzaji wetu ukweli.

Wabillahi tawfiq.